Nyumba ya Mfano

Nyumba yangu ndiyo ilikuwa salama kuliko zote upande wetu wa Endagikot, na aliyesema hivyo ni Mwalimu. Alisema kanisani, alisema kwenye ofisi ya kijiji, alisema mbele ya wageni waliokuja kutoka wilayani na viatu visivyojua matope. "Nendeni mkaone kwa Mama Pasko," alikuwa anasema. "Yule mama anasikia." Basi wakifika wanakuta magunia yangu ya mahindi yamepangwa chini, kitanda kimekaa mbali na ukuta, darini hakuna kitu, mlangoni hakuna cha kumkwaza mtu. Wanatikisa vichwa, wananipongeza. Mimi nawapa viti, nakaa kimya. Sikuwa nimesikia lolote la Mwalimu. Mume wangu alikuwa amekufa, basi.

Nitafika huko. Kwanza nimweleze yeye mwenyewe kama alivyokuwa, maana nikianza na hasira nitamaliza na hasira, na mtu huyu alikuwa na mazuri yake. Hasira ikijipenyeza njiani, mnivumilie.

Alikuwa mrefu, mkavu, na koti la kahawia ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alikuwa amestaafu zamani, lakini mfuko wa lile koti haukukosa kipande cha chaki. Akiingia kwako hakai kwanza. Anazunguka nyumba, anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anatega sikio kama daktari anayemsikiliza mgonjwa kifua. Akikuta ufa, anachora mstari wa chaki pale unapoishia. "Ukivuka hapa," anasema, "niiteni." Hakuna nyumba ya jirani ambayo haikuwa na mstari wake. Watoto wakizifuta zile alama, mama zao walikuwa wanawachapa, kana kwamba chaki ndiyo iliyoshikilia ukuta.

Kwetu ardhi inatikisika. Tumezaliwa tukaikuta hivyo. Umekaa jikoni unachambua maharage, vikombe vinaanza kugongana, mbwa anabweka, ng'ombe wanasimama wote kwa pamoja zizini, halafu kimya. Watu wanacheka kidogo, wanamtaja Mungu, wanaendelea na kazi. Mwalimu hakucheka. Alipokuwa bado anafundisha, ukuta wa darasa lake ulianguka wakati wa mapumziko, watoto wakiwa nje wanacheza. Hakuna aliyeumia. Lakini alinisimulia kwamba alisimama pale mlangoni, akayaangalia madawati yaliyofunikwa na matofali, na akawaona watoto wote wamekaa kila mmoja mahali pake. Aliponisimulia hivyo nilimwamini. Mpaka leo namwamini. Hofu yake ilikuwa ya kweli kabisa.

Ndiyo maana hata salamu yake ilikuwa hiyo hiyo. Unamwamkia, "Shikamoo Mwalimu," anaitikia, "Marahaba," na hapo hapo, hata kama una mzigo wa kuni kichwani, anakuuliza, "Likija sasa hivi, unakimbilia wapi?" Watoto wote walijua jibu. "Nje, Mwalimu! Mbali na ukuta!" "Na ukishindwa kutoka?" "Chini ya meza!"

Siku moja tulikuwa tunarudi kisimani, mama mmoja mwenye mdomo wake akamjibu, "Mwalimu, hiyo meza iko sebuleni, na sebuleni amekaa baba watoto na wageni wake. Mimi niko jikoni na kigoda. Niingie chini ya kigoda?" Tulicheka mpaka maji yakamwagika. Mwalimu naye alicheka, tena alikuwa na kicheko kizuri cha kuvuta watu. Akasema, "Swali zuri sana hilo," kama anavyosema mwalimu kwa mwanafunzi aliyenyoosha mkono, akaenda zake. Tulingoja jibu. Hatujalipata mpaka kesho.

Mikutano yake ndiyo ilikuwa kichekesho. Anaitisha watu kwenye ofisi ya kijiji, mchana. Wanaume wanakaa kwenye mabenchi ya mbele, wanawake tunakaa nyuma karibu na mlango na watoto mgongoni. Yeye anaanza na utangulizi. Utangulizi wake ulikuwa mrefu kuliko mahubiri ya padri. Dunia imeumbwaje, tabaka la juu, tabaka la chini, bonde la ufa limepita wapi. Anapofika kwenye kuonyesha jinsi ya kujikinga kichwa na jinsi ya kumtoa mtoto, jua limeshuka na ng'ombe wanalia nyumbani. Sisi tunanyanyuka mmoja mmoja kwenda kukamua. Wanaobaki kujifunza kumtoa mtoto kitandani ni wanaume, ambao wakitoka pale wanapitia kilabuni na wanarudi nyumbani mtoto ameshalala. "Mkafikishe ujumbe nyumbani," anawaambia. Ujumbe ulifika kilabuni, ukaishia huko. Nilimwambia, "Mwalimu, tufundishe sisi wa mlangoni kwanza, hawa wa mabenchi hawana haraka." Akaniambia itaonekana kama amewadharau wazee.

Hilo neno, itaonekana. Lilimtawala yule mtu kuliko tetemeko. Kulikuwa na mzee mmoja barabarani, watoto wake wako Arusha, wamemjengea nyumba yenye ukuta wa mbele mrefu umepita bati, wa kuigiza ghorofa. Ule ukuta ulikuwa umesimama wenyewe tu, hauna cha kuushika, na chini yake ndipo wajukuu walipokuwa wanacheza. Mwalimu alikuwa anapita pale kila siku na macho yake yanapanda juu, yanashuka. Chaki haikutoka mfukoni. Nikamuuliza, kwangu umechora hadi choo, pale vipi? Akasema, "Yule ni mtu mzima, Mama Pasko. Hawezi kuandikwa ukutani." Yule mzee ndiye alikuwa anaazimisha viti kwa mikutano yake.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Mume wangu alipofariki, mtu wa kwanza kufika ni Mwalimu, na alikuja na gunia la mahindi kwenye punda. Alikaa na mwanangu Pasko jioni nyingi akimfundisha hesabu, na hakutaka hata kikombe cha uji. Msiba wa nani alikosa? Mgonjwa gani hakumpelekea debe la mahindi au kapu la vitunguu saumu? Walimu wenzake waliostaafu wakapungukiwa, wanafunzi wake wa zamani, kanisa, kwaya, wote walikuwa wanajua mlango wa Mwalimu haufungwi. Ukisema jina lake Mbulu mjini, watu wanakuuliza habari zake kwa furaha. Mkono wake ulikuwa wazi kweli.

Sasa jembe lilikuwa mkononi mwa nani?

Mke wake tulimwita Mama Mwalimu. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, anayezungumza kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtoto amelala. Lile shamba lote, kulima, kupalilia, kuvuna, kubeba, kupukuchua, lilikuwa la mgongo wake. Mwalimu alikuwa na mikutano. Mke akivuna, anajaza magunia, anayashona mdomo kwa uzi mwekundu alioufumua kutoka sweta la shule la mwanawe wa mwisho. Alishona vizuri, mishono ya karibu karibu, utadhani anashona nguo ya kuvaa. Kumbe alikuwa anashona ili gunia likifunguliwa ajue. Na alikuwa anakuta yamefunguliwa. Akimuuliza mumewe, jibu ni lile lile. Debe moja tu, mama. Fulani amefiwa, ungetaka nimnyime? Unamjibu nini mtu kama huyo? Mwanamke akisema hapana, yeye ndiye mbaya. Heri mume mlevi, mlevi akiiba mahindi anajua ameiba, na mtaa mzima uko upande wako.

Inabidi nieleze dari, maana bila dari hamtaelewa. Dari yetu si ile ya mjini ya kupendezesha chumba. Ni magogo na fito zilizolazwa juu ya kuta, chini ya bati, na ndiyo ghala. Wageni wakiuliza kwa nini tunaweka chakula huko tunawaambia ni moshi, moshi wa jikoni unapanda unafukuza dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi. Ni kweli. Mwalimu aliijua sababu hiyo na aliijibu. Dawa ya dumuzi iko dukani, shusheni magunia! Mzigo kama ule juu ya kichwa cha mtu aliyelala ni kaburi! Alipiga kelele hizo miaka na miaka, na wanawake wa Endagikot tukaitikia "Ndiyo Mwalimu" miaka na miaka, na magunia yakabaki juu.

Sababu nyingine kila mwanamke anaijua na hakuna anayeisema mbele ya wageni. Gunia likiwa chini sebuleni, baba watoto anatoka nalo asubuhi wewe ukiwa umeenda maji. Likiwa darini, juu ya kitanda chako, na ngazi umeilaza mvunguni, hawezi kulifikia bila kukuamsha. Na mwizi wa ndani hapendi kuamsha mtu. Kwa hiyo mwanamke anatandika kitanda chake pale pale chini ya mzigo, analala anaangalia magogo, anajua watoto watakula mpaka mavuno mengine. Mama yangu alilala hivyo. Mama Mwalimu, uzi ulipomshinda, naye alilala hivyo. Mimi nililala hivyo mume wangu akiwa hai, na namwombea pumziko la milele, lakini alikuwa anapenda pombe. Wiki ile tulipomaliza matanga niliyashusha yote nikayapanga chini. Hapo ndipo Mwalimu akaja, akaona, akapiga makofi.

"Umeona sasa?" akasema. "Ukisikiliza elimu!"

Nikasema, "Ndiyo Mwalimu."

Aliwahi kwenda mpaka Hanang, huko Balangdalalu, kuwafundisha wafugaji wa tambarare. Alirudi na hadithi aliyoisimulia kila mahali huku anajipiga paja. Alikuwa ameingia kwenye boma la mzee mmoja mwenye wake kadhaa, akaanza kama kawaida yake kuzunguka na kugonga kuta. Akafika kwenye nyumba ya mke mkubwa, ameinama apite mlangoni, akakuta fimbo imewekwa mbele ya kifua chake. Yule mama amekaa kwenye ngozi, ananyoosha fimbo. "Unatafuta nini ndani?"

"Nataka kuona kama nyumba ni salama, mama."

"Ni yangu."

"Najua, lakini mume wako ameniruhusu."

"Basi kaangalie ya kwake."

Na mzee mwenye boma, anasema Mwalimu, alikuwa amesimama nyuma yake anacheka tu, akamwambia kwamba kule nyumba ni ya mwanamke na vilivyomo ni vyake, hata yeye mume akitaka maziwa anaomba. Mwalimu alipokuwa anasimulia hapo watu walikuwa wanaanguka kwa kucheka. Mama Mwalimu alikuwa amekaa pembeni anamenya viazi. Nilimwona ameacha kisu hewani. Aliuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Na huyo mama magunia yake anayaweka wapi?" Mwalimu akafuta machozi ya kicheko. "Sasa nitajuaje, mke wangu, na sikuingia?"

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Mavuno yalikuwa ya kubahatisha, na kila mtu alijua miezi ya mbele itakuwa migumu. Mama Mwalimu alikuja kwangu asubuhi moja, Mwalimu akiwa amesafiri, na punda amebeba magunia yake. Hakuingia. Alisimama mlangoni na kitenge amejifunika mpaka puani kwa ajili ya ukungu.

"Mama Pasko, niwekee haya."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Naogopa tu." Akatazama chini. "Juzi usiku lilivyotikisika, vumbi la dari liliniingia machoni. Gogo moja limeanza kutoka ukutani, nimelitazama kwa taa. Nikiyaacha juu litanishukia. Nikiyashusha chini, unamjua mwenyewe. Mwaka huu akiyagawa tutakufa njaa."

"Ulimwambia habari za gogo?"

"Nilimwambia. Akasema si anasema kila siku nishushe magunia?"

Tulibeba wote wawili, tukayapanga kwangu, chini, mbali na ukuta. Aliponiaga alikuwa mtu mwingine. Alitembea kama msichana, anamsukuma punda na kuimba. Wiki zile chache alikuwa anakuja kila baada ya siku kadhaa kuchukua debe lake, na mara moja aliniambia analala usingizi mpaka jogoo, kitu ambacho alikuwa amekisahau. Naikumbuka furaha yake kuliko mambo mengine yote.

Halafu Mwalimu akaleta wageni. Waungwana wa kutoka mjini, na simu zao za kupigia picha. Akawaingiza kwangu bila hata hodi ya maana, maana ile ilikuwa nyumba yake ya mfano. "Mnaona kitanda? Mnaona dari tupu? Na chakula, mnaona, kiko chini kabisa." Akainama akaweka mkono juu ya gunia kuwaonyesha. Mkono ukabaki hapo. Uzi mwekundu. Alipitisha kidole kwenye mishono taratibu, toka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasimama, akatabasamu, akaendelea kuwaeleza wageni habari za bonde la ufa. Mtu asingejua kitu. Mimi nilijua, kwa sababu sauti yake ilikuwa imepanda.

Alirudi jua halijazama, na punda, na mkewe nyuma.

"Mama Pasko, nimefuata mzigo wangu."

"Mwalimu, mzigo huu ameuleta mama."

"Mama na mimi ni nyumba moja."

Nilisimama mlangoni. Niliongea yote, sikumficha. Nilimwambia, "Mwalimu, kule kwako gogo limetoka ukutani. Wewe ndiye unayetufundisha. Magunia yako chini, yako salama, mke wako amelala salama. Unataka nini zaidi?"

"Nataka watu wasiseme kwangu kuna mwizi," akasema. Hakupaza sauti. "Mke wa Mwalimu anaficha chakula kwa jirani! Wageni wamekiona! Kesho itakuwa sokoni. Unajua nimeijenga heshima yangu miaka mingapi?"

"Basi niahidi hutayagusa. Yapange sebuleni, na useme mbele yangu hutayagusa."

Alinitazama kama mwanafunzi aliyemtukana. "Mimi nitakuahidi wewe? Kuhusu mahindi yangu?"

Mama Mwalimu alisema, "Mama Pasko, acha." Akaingia akaanza kubeba. Mwalimu alimsaidia, siwezi kusema hakumsaidia, alibeba magunia kwa mikono yake mwenyewe akayafunga juu ya punda. Nilimuuliza yule mama, kwa sauti ya chini, atayaweka wapi. Akanyanyua kidole juu kidogo, akakishusha. Wakaondoka, mume mbele, punda katikati, yeye nyuma.

Tetemeko lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuja Jumapili, tuko kanisani, wakati wa matoleo. Mishumaa ikatikisika, vioo vya madirisha vikalia, mabati yakanguruma. Na hapo nampa Mwalimu haki yake. Alisimama juu ya benchi, akainua mikono, akatupanga. "Msisukumane! Akina mama wenye watoto kwanza! Tokeni, nendeni kule kwenye nyasi, mbali na ukuta!" Tulitoka kama maji. Hakuna mtoto aliyekanyagwa, hakuna mzee aliyeanguka. Padri mwenyewe alimshika mkono. Mwalimu alisimama pale kwenye nyasi anatokwa jasho, amefurahi, anahesabu watu kwa macho.

Mama Mwalimu hakuwepo. Alikuwa ameamka na homa, amebaki kitandani.

Aliyetuletea habari ni jirani aliyepanda kilima mbio, hana viatu. Tulipofika nyumba ilikuwa imesimama. Ukuta umesimama, bati liko juu, hata mstari wa chaki ulikuwa mahali pake na ufa haujauvuka. Lile gogo tu ndilo lilikuwa limetoka, na fito zake, na vilivyokuwa juu yake. Gunia moja lilikuwa limepasuka, mahindi yamemwagika mpaka mlangoni, na kuku walikuwa wameshaingia wanadonoa. Nilianza kwa kuwafukuza wale kuku. Sijui kwa nini nilianza na kuku.

Siku ya mazishi Mwalimu alisimama kusema. Alikuwa amekonda ghafla, koti linaning'inia. Alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, sitasema vinginevyo. Kisha akajifuta uso, akatafuta sauti yake ya darasani, akasema, "Ninyi nyote ni mashahidi wangu. Nilisema magunia yashushwe. Nilisema miaka yote. Mama alikuwa mwema, lakini alikuwa mbishi. Kifo hiki kiwe fundisho."

Niliwatazama wanawake. Kila mmoja alikuwa anatazama miguu yake. Walikuwa wanajua, kila mmoja wao alikuwa ametoka kitandani asubuhi ile chini ya mzigo wake mwenyewe. Nikasikia mtu anasema, "Mwongo." Ilikuwa sauti yangu. Nikasema tena, kwa nguvu, "Mwongo! Yalikuwa chini! Ulikuja ukayachukua!" Wakanishika mikono. Nikajinasua, nikaondoka kabla ya kutia mchanga kaburini, kitu ambacho mtu hafanyi kwetu, na kilinigharimu. Kwa muda mrefu kwenye jumuiya ya kanisa walinipa kiti cha pembeni. Watu walisema mjane amepagawa, kumtukana mzee aliyefiwa, tena mzee aliyemlea mtoto wake. Mama mmoja alirudi nyumbani akashusha magunia yake kwa kuogopa. Mwezi haukuisha, moja lilikuwa limefika kilabuni. Akapandisha yaliyobaki.

Miaka ikapita. Wageni hawakuletwa tena kwangu. Mwalimu na mimi tulikuwa tunapishana njiani, ananiitikia, namwamkia, basi. Habari zake nilizipata kwa watu. Kwamba analima mwenyewe sasa, na mgongo wake ule wa kizee. Kwamba chaki bado anayo lakini hagongi tena kuta za watu. Kwamba yule mwanawe wa mwisho, mwenye sweta jekundu zamani, amerudi kutoka Babati alikokuwa anaendesha bodaboda, na amerudi na kiu ya pombe.

Amekuja mwaka huu, baada ya mavuno. Nilikuwa nachambua vitunguu saumu uani, nikasikia kwato.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo Mwalimu."

Shikamoo sikumnyima. Umchukie mtu vipi, umri wake ni wake. "Marahaba," akasema, na nikangoja lile swali, nitakimbilia wapi. Hakuniuliza. Alikuwa ameshika kamba ya punda kwa mikono yote miwili, na punda alikuwa na gunia kila upande.

"Nina mzigo, Mama Pasko."

"Nauona."

"Kijana anauza. Nikiweka sebuleni, nikitoka tu, hakuna. Nimempa maneno, nimemletea padri, wapi." Akaikaza kamba. "Nikayapandisha juu. Nikahamishia kitanda pale. Ngazi naiweka mvunguni. Lakini silali. Kila likitikisika kidogo, hata upepo, naamka nimekaa."

Sikumsaidia. Nilimwacha amalize.

"Naomba uniwekee."

"Watu watasema kwako kuna mwizi," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. "Watasema."

Kulikuwa na jambo nililokuwa nimelibeba miaka yote hiyo, na nikaona nikilikosa leo nitazikwa nalo. Nikaweka ungo chini. "Mwalimu, wageni wote wale uliowaleta humu ndani. Ulikuwa unadhani ni kwa nini magunia yangu yako chini?"

 Alikuwa anamkuna punda shingoni.

"Kwa sababu hukuwa na mume," akasema.

"Ulilijua hilo lini?"

"Tangu siku ile nilipopiga makofi."

"Na ukawaambia ni elimu yako."

"Ningewaambia nini, Mama Pasko?" Sauti yake ilikuwa ya chini sana, ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na nikakumbuka ilikuwa sauti ya nani. "Ningewaambia nini wale watu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mzee mjinga. Mjinga ningemsamehe, nilikuwa nimeshaanza.

Nikafungua mlango. Nikamwambia alete. Alifungua kamba, akajitwisha gunia la kwanza begani, akayumba, na sikumpokea. Alipopita karibu yangu niliona mdomo wa gunia. Alikuwa ameushona kwa uzi mwekundu, sijui alikiokota wapi hicho kibonge cha uzi, labda kilibaki kwenye vitu vya marehemu. Mishono ilikuwa mikubwa, imepinda, ya mtu asiyejua sindano. Alisimama katikati ya chumba na mzigo begani, anahema, anatazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua.

"Niweke wapi?"

"Pale pale ulipoyatoa," nikasema. "Chini, Mwalimu. Mbali na ukuta."

Akaweka. Akaenda akaleta la pili, akalisogeza kwa goti mpaka likakaa sawa. Kisha akauliza kama anaweza kukaa kidogo apumzike. Nikamwambia sijakamua ng'ombe.